Shajara ya Mradi: Kulinganisha Misumeno ya Mnyororo ya Kitaalamu kwa Kuni Nzito

Mwanzo: tunachopima na tusichopima

Mradi huu umeanzishwa kwa swali moja: mtu anayekata kuni nzito mara kwa mara, yaani magogo ya mti mgumu yenye kipenyo cha sentimita 40 hadi 70, yaliyokwisha kuangushwa na kuondolewa matawi, anahitaji msumeno wa mnyororo wa daraja gani? Majibu ya kawaida hayaridhishi, kwa sababu kila mkataji huisifu mashine aliyoizoea, na kila tangazo huisifu nguvu ya injini kana kwamba injini ndiyo inayogusa mti.

Mipaka imewekwa mapema. Hatupimi uangushaji wa miti, ambao una mahitaji na hatari zake. Hatupimi uchanaji wa mbao, kazi inayoichosha injini kwa namna nyingine kabisa. Wala hatupimi misumeno midogo ya nyumbani. Tunaposema msumeno wa kitaalamu tunakusudia mashine ambayo kasha la kranki limetengenezwa kwa magnesi, silinda yake inaweza kufunguliwa na kubadilishwa peke yake, na vipuri vyake vyote vinauzwa kimoja kimoja.

Majina ya modeli yatatajwa pale tu tunaponukuu takwimu za watengenezaji wenyewe. Katika sehemu za majaribio, mashine zinaitwa kwa daraja la ujazo wa injini kwa cc, yaani sentimita za ujazo: daraja la 50 ni mashine za cc 50 hivi. Mashine mbili za modeli moja, moja iliyotunzwa na nyingine iliyopuuzwa, hutofautiana kuliko mashine mbili mpya za kampuni zinazoshindana, na si haki kampuni ibebeshwe lawama ya filta chafu.

Takwimu za kwenye karatasi

Kabla ya kuwasha mashine yoyote tulipanga takwimu za watengenezaji kwa mfuatano wa ujazo. Kwa upande wa Stihl, MS 261 ina cc 50.2 na nguvu ya kilowati 3.0; MS 362 ina cc 59.0 na kilowati 3.5; MS 400 ina cc 66.8 na kilowati 4.0, MS 462 ina cc 72.2 na kilowati 4.4, MS 500i ina cc 79.2 na kilowati 5.0, na MS 661 ina cc 91.1 na kilowati 5.4. Kwa upande wa Husqvarna, 550 XP Mark II ina cc 50.1 na kilowati 3.0, 572 XP ina cc 70.6 na kilowati 4.3, na 395 XP, ambayo ni ya muundo wa zamani, ina cc 93.6 na kilowati 4.9.

Mtu akiishia hapo ataamini kwamba kubwa zaidi ndiyo bora zaidi, na hapo ndipo orodha nyingi za kulinganisha huishia. Namba inayofundisha zaidi hupatikana kwa kugawanya uzito wa mashine kwa nguvu yake, ili ijulikane mkataji anabeba kilo ngapi kwa kila kilowati. MS 261, yenye kilo 4.9, inampa mkataji mzigo wa kilo 1.63 kwa kilowati. MS 462, yenye kilo 6.0, inashuka hadi 1.36. MS 500i, yenye kilo 6.2, inashuka zaidi hadi 1.24. Kisha mwelekeo unageuka: MS 661, yenye kilo 7.4, inarudi kwenye 1.37. Kwa hesabu hiyohiyo, 572 XP yenye kilo 6.6 inapata 1.53. Maana yake ni kwamba kutoka cc 50 hadi karibu cc 80, kila ongezeko la injini linalipwa kwa nguvu nyingi na uzito kidogo, lakini baada ya hapo mkataji anaanza kununua nguvu kwa mgongo wake.

Uzito unaoandikwa na watengenezaji, hata hivyo, ni wa mashine kavu: haina petroli, haina oili, haina baa (bamba refu la chuma linaloongoza mnyororo) wala mnyororo. Tangi la lita 0.72 likijazwa petroli huongeza zaidi ya nusu kilo, oili ya mnyororo inaongeza yake, na baa ya sentimita 50 pamoja na mnyororo wake huongeza karibu kilo moja na nusu au zaidi, kutegemea aina ya baa. Mashine iliyoandikwa kilo 6 huinuliwa mikononi ikiwa na zaidi ya kilo 8. Tofauti ya gramu mia mbili kati ya modeli mbili, ambayo husababisha mabishano marefu, humezwa yote na uchaguzi wa baa.

Mnyororo kabla ya injini

Sehemu hii imechukua muda mrefu kuliko tulivyopanga, na hatujutii. Kulinganisha injini mbili zenye minyororo tofauti ni kulinganisha minyororo, kwa hiyo kwanza ilibidi mnyororo usawazishwe.

Minyororo hutofautiana kwa mambo matatu yanayoonekana. La kwanza ni nafasi kati ya pingili, ambayo huandikwa kwa inchi: 0.325 kwa mashine za daraja la 50, 3/8 kwa daraja la 60 hadi 90, na 0.404 kwa mashine kubwa zaidi. La pili ni unene wa kipingili kinachoingia kwenye mfereji wa baa, ambao kwa kawaida ni milimita 1.3, 1.5 au 1.6, kipingili chembamba huyumba kwenye mfereji mpana, na kinene hakiingii kabisa, kwa hiyo hapa hakuna nafasi ya kukisia. La tatu ni umbo la jino. Jino lenye pembe kali hukata haraka sana kwenye mti safi, lakini ncha yake huharibika mara tu inapogusa udongo au mchanga uliojificha kwenye gome. Jino lenye pembe ya mviringo hukata polepole kidogo, ila hudumu na makali yake kwenye magogo yaliyoburutwa ardhini. Magogo ya kuni huburutwa karibu kila mara. Kwa sababu hiyo nashawishika kwamba sifa kubwa inayopewa pembe kali hutoka kwa watu wanaokata magogo yaliyosafishwa kwa maonyesho, na kwa kazi hii tumeichagua pembe ya mviringo bila kusitasita.

Jino la msumeno wa mnyororo lililoenea leo limetokana na kazi ya Joseph Cox wa Oregon, Marekani, ambaye mwaka 1947 alianza kutengeneza mnyororo ulioiga namna kiluwiluwi cha mbawakawa anavyotafuna mti kwa kwenda kushoto na kulia. Ndiyo maana meno hupangwa kwa kupokezana, moja likielekea kushoto na linalofuata kulia. Kutokana na mpangilio huo, mnyororo ambao meno ya upande mmoja ni mafupi au butu kuliko ya upande wa pili hukata kwa kupinda, na mkataji hulaumu baa bure.

Kwa kunoa tuliweka utaratibu mmoja. Mnyororo wa 0.325 unanolewa kwa tupa ya mviringo ya milimita 4.8, na wa 3/8 kwa tupa ya milimita 5.2 au 5.5 kulingana na mtengenezaji wa mnyororo. Pembe ya sehemu ya juu ya jino ni nyuzi 30, na kila jino linapigwa idadi sawa ya mapito, tupa ikisukumwa kwa kwenda mbele tu. Kibonge kilicho mbele ya jino, kinachoamua jino litazama kiasi gani, kinashushwa hadi kiwe chini ya ncha kwa milimita 0.65 hivi. Wengi husahau kibonge hiki. Jino likinolewa mara nyingi hushuka, kibonge kikibaki palepale, na mwishowe mnyororo huwa mkali kwa kidole lakini haung'ati mti. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: kibonge kikishushwa kupita kiasi, jino huzama mno, mashine hurukaruka, na hatari ya kurushwa nyuma, yaani msumeno kuruka ghafla kumwelekea mkataji, huongezeka.

Dalili ya kunoa haihitaji kipimo. Mnyororo mkali hutoa vibanzi vinene vyenye umbo na hujivuta wenyewe ndani ya gogo. Mnyororo butu hutoa unga, na mkataji huanza kuusukuma. Tulipokata gogo moja kwa mashine ileile ya daraja la 70, kwanza kwa mnyororo ulionolewa na kisha kwa mnyororo uliogusa mchanga, mashine hiyo yenye mnyororo butu ilishindwa waziwazi na mashine ya daraja la 50 yenye mnyororo mkali. Tangu hapo hakuna mashine inayoingia kwenye jaribio bila mnyororo wake kukaguliwa jino kwa jino.

Kasi ya mnyororo na nguo za kujikinga

Kasi ya mnyororo inaweza kukokotolewa bila kifaa chochote. Gia ya kuendeshea yenye meno 7, kwa mnyororo wa 3/8, husogeza mnyororo milimita 133 kwa kila mzunguko. Injini ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, mnyororo unakwenda mita 22 kwa sekunde. Kwa mnyororo wa 0.325 na gia yenye meno 7, kasi kwa mizunguko hiyohiyo ni mita 19. Gia yenye meno 8 kwenye 3/8 huipandisha hadi mita 25, lakini huipunguzia injini uwezo wa kuhimili mzigo, na kwenye magogo mazito tuliyonayo tumeona haina faida: mizunguko hushuka mara tu baa inapozama yote.

Hesabu hiyo ina matumizi mengine. Suruali za kujikinga na misumeno ya mnyororo hupangwa kwa madaraja ya kasi chini ya kiwango cha EN ISO 11393: daraja la 1 hujaribiwa kwa mita 20 kwa sekunde, la 2 kwa mita 24, na la 3 kwa mita 28. Mkataji anayehama kutoka daraja la 50 lenye 0.325 kwenda daraja la 70 lenye 3/8 anaweza kuwa ameivuka kasi ambayo suruali yake ya zamani ilijaribiwa, bila kujua. Suruali hizo hazizuii mnyororo kama chuma. Hutoa nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye gia na kuusimamisha, na hakuna daraja linaloahidi kinga kamili. Tumewapa wakataji wote wa mradi suruali za daraja la 2.

Majaribio kwenye gogo

Kila mkato unapimwa kwa saa, na kipenyo cha gogo kinapimwa mahali palepale pa mkato, kwa sababu muda unafuata eneo la uso unaokatwa na si kipenyo chenyewe. Gogo la sentimita 30 lina uso wa takribani sentimita mraba 707, na la sentimita 60 lina 2,827, yaani mara nne. Anayesema mashine yake inakata gogo mara mbili nene kwa muda mara mbili tu ama hakupima au alibadilisha mti katikati. Namba za saa zinabaki kwenye daftari letu, kwa kuwa zinahusu magogo haya na unyevu wake. Kinachoandikwa hapa ni mwenendo.

Daraja la 50, likiwa na baa ya sentimita 40, lilitushangaza kwa uzuri hadi kipenyo cha sentimita 35 hivi. Ni jepesi, linageuka kirahisi, na kwa vipande vya juu vya mti halina mpinzani. Zaidi ya hapo linakata, lakini mkataji analazimika kulisikiliza: akikandamiza kidogo mizunguko huanguka, klachi huteleza na kupata moto. Kulifunga baa ya sentimita 50, jambo linaloruhusiwa na baadhi ya vitabu vya maelekezo, kulilifanya liwe msumeno mwingine, wa polepole na wenye kichwa kizito.

Daraja la 60 ni la wastani kwa kila kitu, na nina machache ya kulisema. Mwenye kununua mashine moja tu, ambaye magogo yake mengi hayazidi sentimita 45, hatakosea akilichagua.

Daraja la 70 na baa ya sentimita 50 ndipo kazi ilipobadilika. Baa ikiwa imezama yote ndani ya gogo gumu la sentimita 50, injini iliendelea kuzunguka bila kuomba msaada, na mkataji aliweza kuacha uzito wa mashine wenyewe ufanye kazi. Kwa kukata kutoka pande mbili, baa hiyo inamaliza gogo linalokaribia sentimita 90, na kwa hiyo hatukuona haja ya baa ndefu zaidi kwa kuni. Baa ndefu ina meno mengi ya kunoa, hugusa ardhi kwa urahisi zaidi upande ambao mkataji haoni, na kupeleka ncha yake mahali pasipoonekana ndiyo njia ya haraka ya kurushwa, kwa kuwa robo ya juu ya ncha ya baa ndiyo inayorusha.

Mashine za karibu cc 80 zilikata haraka zaidi, na tofauti hiyo ilionekana vizuri kwenye magogo yaliyozidi sentimita 60. Chini ya hapo faida yake kwa kila mkato ilikuwa ndogo kuliko muda wa kusogeza mguu na kupanga mkato unaofuata. Daraja la 90 tuliliacha baada ya kikao kifupi. Linafaa kwa uangushaji wa miti minene na kwa uchanaji. Kumpa mtu alibebe siku nzima kukata vipande vya sentimita 33 ni kumwonea.

Mikono, masikio na saa za kazi

Ulinganisho wa mashine za kazi nzito haukamiliki bila kuuliza mkataji anaweza kuzishika kwa muda gani. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 kuhusu mtetemo limeweka kiwango cha kuchukua hatua cha mita 2.5 kwa sekunde mraba kwa siku ya saa 8, na kikomo cha mita 5. Muda unaoruhusiwa hupungua kwa mraba wa mtetemo: mashine inayotetema kwa 3.5 hufikisha kiwango cha kuchukua hatua baada ya saa 4 hivi za mnyororo kukata, na inayotetema kwa 5 hukifikisha baada ya saa 2. Madhara yake ni vidole kupauka na kufa ganzi, kwanza wakati wa baridi na baadaye daima, na hayarudishwi nyuma kwa dawa. Hivyo tunapolinganisha mashine mbili za daraja moja, safu ya mtetemo kwenye kitabu cha maelekezo tunaisoma kabla ya safu ya kilowati. Mpira au springi ya kuzuia mtetemo iliyochoka huifanya takwimu hiyo isiwe na maana, na kuibadilisha ni kazi ndogo.

Kuhusu kelele, kwa kanuni ya desibeli 85 kwa saa 8, ambapo kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda kwa nusu, desibeli 103 huruhusu dakika saba na nusu tu bila kinga. Vizuia sauti vya masikio vinavaliwa kabla ya kuvuta kamba, si baada ya mashine kuwaka.

Kabureta, sindano na mchanganyiko

Mashine nyingi tulizonazo zina kabureta inayojirekebisha kwa umeme; Stihl huiita M-Tronic na Husqvarna huiita AutoTune. MS 500i, iliyoingia sokoni mwaka 2019, haina kabureta kabisa: petroli huingizwa kwa sindano inayoongozwa na kompyuta ndogo. Kwa mkataji faida ni kwamba mashine haihitaji kurekebishwa kwa bisibisi kila joto au mwinuko unapobadilika. Hasara ni kwamba tatizo likitokea, fundi asiye na kifaa cha uchunguzi hana cha kufanya. Kwa timu iliyo mbali na karakana nashauri angalau mashine moja yenye kabureta ya kawaida ibaki.

Mchanganyiko unabaki oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 50, yaani mililita 100 kwa lita 5, kwa mashine zote. Petroli iliyochanganywa haiwekwi kwa miezi.

Uamuzi wa sasa na kilichobaki

Kwa magogo tuliyoyaelezea mwanzoni, timu imechagua mashine mbili badala ya moja kubwa: ya daraja la 70 yenye baa ya sentimita 50 na mnyororo wa 3/8 wenye pembe ya mviringo, na ya daraja la 50 yenye baa ya sentimita 40 kwa vipande vya juu na kwa kuokoa mashine ya kwanza baa yake inapobanwa. Kati ya mashine za daraja la 70 za kampuni mbalimbali hatukuona tofauti ya kasi inayotosha kuamua. Kilichoamua ni upatikanaji wa vipuri, mtetemo, na urahisi wa kufungua filta ya hewa ukiwa umevaa glavu. Kwa kila mashine tumeweka minyororo kadhaa iliyonolewa tayari, ili mkataji asishawishike kuendelea na mnyororo butu, na gia inabadilishwa kila baada ya minyororo miwili kuisha ili gia chakavu isiuharibu mnyororo mpya.

Hatua inayofuata ni misumeno ya betri. Betri ya AP 500 S ya Stihl ina saa-wati 337. Tangi la lita 0.8 la petroli lina nishati ya karibu saa-kilowati 7, na hata injini ya mipigo miwili ikitumia moja ya tano tu ya nishati hiyo, mnyororo hupata saa-kilowati 1.4, sawa na betri nne za aina hiyo. Kwa hiyo jaribio la betri litafanywa kwenye vipande vya chini ya sentimita 35 pekee, dhidi ya mashine ya daraja la 50, likiwa na betri za akiba na chaja kando ya rundo, na mnyororo wake utanolewa kwa utaratibu uleule.